Kiboko na Bakuli la Ukutani

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla mwamba wa pwani haujaota meno na kabla kitambi changu hakijaota kabisa, palikuwa na mji ukiitwa Mwambakuu.

Mimi nimetembea. Nimefika Moroni, nimefika Muskati, nimetapika kwenye bahari tatu. Lakini mji kama ule sikuuona. Mbele, mwamba unaovunja mawimbi. Nyuma, mikoko. Katikati, mchanga mweupe kama unga wa muhogo. Na ndani ya mchanga huo, mahali panapofunikwa na bahari, palikuwa na chemchemi ya maji matamu. Maji ya bahari yakipwa, chemchemi hufumbuka, bwi, bwi, bwi! Yakijaa, hufumba. Ndiyo maana wenyeji waliiita Jicho.

Mwaka huo wakahamia mjini wakubwa watatu: Tembo, Nyati na Kiboko. Basi ikawa balaa. Jicho likifumbuka tu, Tembo anatia mkonga, fyoooo! Nusu imekwenda. Nyati anainama, gubu gubu gubu! Robo imekwenda. Na Kiboko? Huyo hata hakuja kunywa. Alikuja kulala humohumo ndani, tumbo juu, akikoroma.

Wadogo, akina Paa, Kanga, Komba na Kaa, walikuwa wakisubiri juani na vibuyu vyao. Kiboko akija kuinuka, bahari nayo imekwisha rudi. Wanabaki kukinga maji ya chumvi. Watoto wao midomo imewapasuka.

"Mtu awaambie hawa," alisema Bi Kaa, mlinzi wa Jicho, bibi mfupi mwenye macho ya kusimama.

"Nani awaambie?" akauliza Paa. "Nyati akipiga chafya tu, mimi naangukia kijiji cha pili!"

"Niachieni mimi," alisema Nguchiro.

Nguchiro mnamjua: mwembamba, mkia mrefu, miguu haitulii. Hakuwa na nguvu hata ya kuvunja dafu. Lakini alikuwa na macho. Na macho yake yaliona jambo moja: kila Kiboko alipoulizwa, "Bwana, kwenu hasa ni wapi?" alijibu, "Huko... huko nyuma," kisha akaanza kuzungumzia upepo.

Kwao ni mtoni, wanangu. Kwenye tope. Naye alikuwa akiona haya.

Asubuhi moja Nguchiro akamkuta amesimama peke yake mbele ya ukuta mkongwe wa mji, ukuta wa mawe ya matumbawe. Katikati yake lilipachikwa bakuli la kaure, jeupe, lenye maua ya buluu.

"Shikamoo, mwinyi!"

Kiboko akageuka kutazama nyuma yake. "Nani mwinyi?"

"Wewe! Usijifiche, bwana, mji mzima unanong'ona. Unaliona bakuli lile? Ni la babu yako."

"Babu yangu?"

"Babu yako mzaa babu! Alikuja kutoka ng'ambo na merikebu saba. Tazama maua yale. Yana mashavu kama yako."

Kiboko akasogea. Akalitazama ua. Akajishika shavu. "Kweli, yanafanana kidogo..."

"Kidogo? Mapacha! Na mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa Binti Nargisi, mtoto wa sultani, aliyefia baharini akikuimbia."

"Akiniimbia nini?"

"Ah, kwa lugha ya ng'ambo. Mimi nitaijulia wapi?"

Jitu zima likatoa kamasi likalia. Kumbe uongo mtamu haumezwi kwa kinywa, humezwa kwa kidonda. Msinione mjanja kwa kulisema hilo. Katika bandari moja ya mbali niliulizwa kwetu ni wapi, nami nikataja mji wa jirani, kwa kuwa wetu haukuwa na taa. Chekeni tu.

"Sasa, mwinyi," akasema Nguchiro, "mbona wanywa maji kama mtu asiye na asili?"

"Nanywaje?"

"Wa kwanza! Mwinyi hanywi kwanza. Mwinyi huonjewa. Wadogo hunywa, wakibaki hai, ndipo yeye huinamisha kichwa. Na kulala kisimani, laa! Kisimani hulala vyura."

"Ala! Kumbe nimekuwa nikijiaibisha?"

"Mno. Lakini tumekusamehe."

Kesho yake Jicho lilipofumbuka, Kiboko alisimama mbali, kidevu juu, akisema, "Yaonjeni, yaonjeni." Tembo na Nyati wakashangaa. Wakauliza. Wakaambiwa. Mchana haujafika, wote wawili wapo ukutani wanamtafuta Nguchiro.

"Na mimi je?" akauliza Nyati. "Mimi sina bakuli?"

"Wewe una zaidi ya bakuli. Una taji kichwani, nawe unaliita pembe! Wazee wako walikuwa mawaziri Uajemi."

"Na mimi?" akauliza Tembo kwa sauti ndogo.

"Wewe! Babu yako alikuwa Bara Hindi, akivaa njuga za dhahabu miguuni. Akitembea, chaka chaka chaka! Mfalme anaamka."

Tembo akainua mguu, akautikisa. "Kumbe ndiyo maana kisigino huniwasha!"

Basi tangu siku hiyo wadogo walikunywa kwanza, wakajaza vibuyu, wakaoga na masikio. Wakubwa watatu wakangojea kando, wamevaa kofia, wakiitana "mwinyi, mwinyi." Nyuma ya mikoko wadogo walicheka mpaka Komba akaanguka mtini, puu! Na Nguchiro akanenepa. Kila aliyetaka habari za babu yake alikuja na samaki wa kupaka.

Hapa ningeweza kuishia, nanyi mkalala na furaha. Nguchiro mshindi, wakubwa wajinga, kwisha. Lakini hadithi haikuishia hapa. Kutoka hapa, wanangu, naisimulia nikitazama chini.

Mwambakuu walikuwa na mila moja. Siku ya Mwaka, mji wote hushuka pwani kuoga bahari, ili uchafu wa mwaka wa zamani uende na maji. Wakitoka hupita Jichoni kuoshwa chumvi. Hapo huoshwi na yeyote. Huoshwa na mama yako. Huchota maji matamu kwa kibuyu, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Wewe mtoto wa nani?" Nawe hutaja jina la mama yako. Ukisema kweli, maji hushuka kichwani. Ukisema uongo, humwagwa mchangani. Huulizwa mara tatu, basi. Na aliyefiwa na mama, Bi Kaa humsimamia.

Kiboko hakuwahi kuiona Siku ya Mwaka pale. Alikwisha jifunza jibu lake. "Binti Nargisi," alikuwa akijisemea mbele ya bakuli. "Mtoto wa Binti Nargisi."

Asubuhi ya siku yenyewe wakubwa watatu walikuwa wamekaa barazani wakinywa kahawa. Nguchiro yuko juu ya ukuta na samaki wake. Mara ikasikika sauti kutoka njia ya mikokoni.

"Hodi, wenyewe! Hodi hapa!"

Akatokea kiboko kikongwe, mwanamke. Miguu ina tope mpaka magotini. Kanga imepauka hata maneno yake hayasomeki. Kichwani ana pakacha la majani machanga ya mtoni, kiunoni kibuyu. Alikuwa akihema kama aliyetembea siku tatu, na kweli alitembea siku tatu.

"Kibo!" akaita. "Kibo wangu! Uu, jamani, amekuwa mkubwa, ametia na kofia!"

Tembo akashusha kikombe. "Mwinyi, nani huyu?"

"Anakuita Kibo," akasema Nyati. "Kibo ndiyo nini?"

Kiboko akafungua kinywa. Mnajua ukubwa wa kinywa cha kiboko. Mashua ndogo inaingia. Lakini lililotoka lilikuwa jambo dogo mno.

"Huyu... huyu ni mtumishi wetu wa zamani. Alinilea kidogo."

Yule mama alimtazama mwanawe. Akaitazama kofia. Akawatazama wenzake wawili na vikombe vyao. Kisha akalishusha pakacha taratibu, akainamisha kichwa.

"Ndiyo, mabwana," akasema. "Nilikuwa mtumishi wake. Nilimbeba, nilimwosha, nilimnyamazisha. Kazi ilikuwa nyingi, lakini sikuwahi kuomba ruhusa."

"Mtumishi mwema," akasema Tembo.

"Nguchiro!" akaita Kiboko, macho yake chini. "Mpeleke uani. Mpe chochote."

Juu ya ukuta, mwiba wa samaki ulikuwa umemkwama Nguchiro kooni.

Akashuka. Akamtangulia yule mama mpaka nyuma ya ukuta, akamtandikia mkeka.

"Waitwaje, mama?"

"Mashavu. Bi Mashavu wa Mtoni." Akaupapasa ukuta kwa kiganja. "Bado umesimama! Baba yake Kibo angefurahi."

"Anaujua?"

"Mwanangu, aliujenga! Mawe haya aliyatoa mwambani, akayabeba mgongoni moja moja, maji yakipwa. Chokaa aliichoma mwenyewe, akarudi mtoni kope zimeungua. Kibo alikuwa bado tumboni."

Nguchiro akauliza, "Na... na bakuli?"

Bi Mashavu akacheka, cheko la binti. "Bakuli ni langu. Ndani yake nilikula wali wa harusi. Akaniomba, 'Mke wangu, ukuta wote nimeujenga kwa nguvu zangu, nipe kitu chako kimoja niutie uzuri.' Nikampa. Kila mwaka nasema nitakuja kuliona, miguu inakataa. Mwaka huu nikasema, hapana, Kibo ataoshwa na nani?"

Wanangu, hapo ndipo pa kusema. Maneno mawili tu: nilimdanganya. Lakini Nguchiro aliufikiria mgongo wake, maana Siku ya Mwaka mwenye makosa huchapwa kwa makuti ya mnazi. Akaufikiria na wadogo: siri ikitoka, nani atawaacha wanywe kwanza? Sababu nzuri na sababu mbovu zikakaa pamoja ulimini, ulimi ukawa mzito kama nanga.

"Pumzika, mama," akasema. Akatoka mkia chini.

Ngoma ikalia, mji ukashuka pwani. Chubwi! Chubwi! Kila mtu majini. Tembo alipiga maji kwa mkonga, Nyati akazama na kofia. Kiboko alicheza na mawimbi akitaka kusahau.

Walipotoka ikaanza foleni ya Jicho. "Wewe mtoto wa nani?" "Mtoto wa Mwanamize!" Chwaa! "Wewe mtoto wa nani?" "Mtoto wa Bi Kanga Madoadoa!" Chwaa! Vicheko na vigelegele. Nguchiro hakuwa kwenye foleni. Alijificha nyuma ya jiwe.

Mara Kiboko akapiga kelele. "Mawee! Ngozi inaniwaka!"

Ngozi ya kiboko si ya chumvi, wanangu. Mtoni hakuambiwa, maana mtoni hakuna chumvi. Jua lilipopanda, mgongo ukaanza kupasuka kama tope la kiangazi.

"Nioshe, Bi Kaa! Nioshe upesi!"

"Nikuoshe kwa kitu gani, baba? Chombo changu ganda la kome! Na bahari hiyo inarudi! Nani ana nguvu hapa amwoshe huyu yatima?"

"Nipe mimi," ilisema sauti nyuma. Bi Mashavu akapita katikati ya watu na kibuyu chake. "Mimi nimepata kumwosha zamani."

Akachota.

"Mila ni mila," akasema Bi Kaa. "Uliza, mama."

"Wewe mtoto wa nani?"

Kiboko akamwona mama yake. Akawaona Tembo na Nyati, wamenyoosha shingo. Akafumba macho.

"Mtoto wa... wa Binti Nargisi."

Kibuyu kikabaki hewani.

"Mwaga mchangani!" akaamuru Bi Kaa. "Huo uongo. Hata mimi nimeusikia ulivyokwaruza."

Bi Mashavu akamwaga. Akainama, akachota tena. Wimbi la kwanza lilikwisha gusa ukingo wa Jicho.

"Masikio yangu ya kizee, bwana," akasema polepole. "Labda sikusikia vizuri. Wewe mtoto wa nani?"

Alikuwa akimpa nafasi, mnaona? Hata pale alikuwa akimpa nafasi. Mgongo wa Kiboko ulikuwa ukiwaka moto, na haya ilikuwa ikimchoma zaidi ya chumvi. Lakini tangu asubuhi alikwisha sema jambo, na kulirudisha jambo mdomoni ni kazi kuliko kubeba jawe kutoka mwambani.

"Binti Nargisi," akanong'ona.

Maji yakamwagwa. Bi Mashavu akainama mara ya tatu, na safari hii alichelewa kuinuka.

Ndipo Nguchiro akaruka juu ya jiwe.

"Hakuna Nargisi!" akalia. "Hakuna merikebu, hakuna waziri, hakuna njuga! Nimevitunga mimi! Mtumishi huyu ni mama yake. Bakuli ni la huyu mama, na ukuta mzima aliujenga mumewe kwa mgongo wake! Nichapeni!"

Komba akacheka, kwi! Akafuata Kanga. Kikawa kicheko cha mji mzima, kwi kwi kwi kwi!

"Kisigino kinawasha, mwinyi?" akapaza sauti Paa.

Tembo akavua kofia, akaikalia. Nyati akageuka akaingia vichakani na taji lake.

Kicheko kile hakikumgusa Kiboko. Alikuwa akimtazama mtu mmoja tu.

"Mtoto wa Mashavu!" akanguruma, sauti ikagonga mwamba ikarudi. "Mimi ni mtoto wa Mashavu! Mashavu wa Mtoni! Mama, niulize tena!"

Bi Mashavu akaitazama miguu yake. Wimbi lilikuwa limepita juu ya Jicho, likatulia, kama kwamba hapakuwa na kitu pale. Akatia kidole kibuyuni, akaonja.

"Yamekuwa ya chumvi, mwanangu," akasema. "Mila imekwisha kwa mwaka huu. Twende nyumbani. Maji ya mtoni hayafumbi jicho."

Wakaondoka, mama mbele, mwana nyuma. Nguchiro alichapwa makuti ya mnazi na kila aliyetaka, pa, pa, pa! Hakukimbia. Walipochoka, akaliona pakacha limeachwa barazani, majani bado mabichi. Akalitwika kichwani, akawafuata siku tatu akilia miguu.

Njiani mgongo wa Kiboko ulianza kutoa jasho jekundu, jekundu kama uso wa mtu aliyefumaniwa. Halijakauka mpaka leo. Ndiyo maana kutwa nzima hujificha majini, macho na masikio tu nje, asije akaulizwa kwao ni wapi.

Walipofika mtoni Bi Mashavu alipokea pakacha. Hakumtukana Nguchiro. Afadhali angemtukana.

"Ahsante, mwanangu, kwa kunibebea. Na wewe, mama yako yu hai?"

"Yupo, mama."

"Ulimwona lini?"

Nguchiro, yeye fundi wa majibu, akaanza kuzungumzia upepo.

Pale Mwambakuu wadogo wanaendelea kunywa kwanza, maana Tembo na Nyati hawana tena uso wa kutangulia. Hila ilifaa, sikatai. Lakini mtazameni nguchiro njiani: kila akipiga hatua tatu, husimama kwa miguu miwili, akanyoosha shingo, akachungulia huku na huku. Anatazama kama kuna mama wa mtu anakuja. Na nikimwona hivyo, nami hugeuka kutazama nyuma yangu.

Hadithi yangu imefika gatini, nami nawaachia fundo hili moja: aoneaye haya kwao, mwisho hujionea haya mwenyewe.